Maji Safi ya Mujomba Kasereka

Goma, Majengo, 2 Septemba 2025

Bénita, mupwa yangu,

Kaa chini kwanza. Na kama ni kweli ule Sista Valérie wa kuchunga ninyi manovisi, masista wa kujifunza, anasomaka barua zenu kabla yenu, na yeye akae, namwomba kwa heshima yote. Mambo niliyoona leo asubuhi mu saloni ya mama yako, pale wageni wanakaaka, mimi Kasereka niliyeshuka na chukudu yangu ya mbao, ya magurudumu mawili, toka Kibumba bila breki, nikapita msafara ya jenerali moja akabaki ananipigia saluti, sijayaona hata siku moja.

Samaki wenu wa sanduku ya vioo wanakunywa hewa! Wote wamepanda juu, wametoa midomo inje ya maji, wanafungua, wanafunga, kama kwaya yenye imepotewa na sauti. Muzee mwenyewe, ule mwekundu mukubwa wa mukia mweupe, ule marehemu baba yako alileta toka Kampala katikati ya magunia ya maharagwe, amelalia ubavu. Maji imekuwa kama ya kuosha muchele. Na inanuka.

Nimeshangaa juu hawa samaki hakuna kitu wanakosa kwangu. Ule unga wa kopo ulioacha, niliona ni chakula ya ndege. Muzee muzima ale vumbi? Nikawaongezea fufu ya muhogo. Asubuhi tonge, muchana tonge, magaribi mukate. Walikula, Bénita! Yenye iliwashinda ilibaki chini, nikasema watamaliza kesho.

Sasa sikia yenye inaniumiza. Unajua tangu ugonjwa ilimupiga mama yako upande moja na kumufunga mudomo, anakubali kijiko kama tu kiti yake iko mbele ya ile sanduku ya vioo. Jirani Charline anapomulisha, lazima Muzee apite kwanza, njo mama afungue kinywa. Leo Muzee hakupita. Kijiko ilirudi na uji wake. Alasiri vile vile.

Andika haraka. Siyo ati sijui samaki! Kule Vitshumbi nilikamata moja ikavuta pirogi yangu ya kuvulia mpaka upande wa Uganda, polisi yao ikaniomba kitambulisho. Lakini hao walikuwa wa kula. Hawa wa kuangalia ni wewe na wazazi wako munawajua. Simu yangu isitafutwe, ilizama mu lac, mu ziwa, siku nilipookoa watu fulani, nitakueleza. Barua umupe Landry wa boti, ataniletea.

Ni mimi mujomba wako,
Kasereka, mushindi wa muteremko wa Kibumba


Bukavu, 5 Septemba 2025

Mujomba wangu,

Fufu? Mujomba, fufu?

Nimesoma nikiwa nimesimama uani. Sista Valérie alicheka kwa jenerali, lakini alipofika kwa kijiko cha mama alinipa karatasi hii bila mimi kuiomba.

Nisikilize. Samaki hawana ugonjwa mwingine, ni maji ndiyo yanaumwa. Chakula kinachobaki chini kinaoza, kinageuka sumu, na kinamaliza hewa iliyo ndani ya maji. Ndiyo maana wanaitafuta juu. Kwa hiyo usiwape kitu kwa siku kadhaa. Hawatakufa na njaa, samaki si fundi wa kujenga. Toa fufu yote iliyoko chini, polepole, kwa kikombe. Punguza maji robo tu, kisha ujaze robo tu, na urudie baada ya siku mbili. Usitoe maji yote! Samaki aliyezoea maji mabaya, ukimtupa mara moja katika maji mengine, anapata mshtuko. Sponji ya mashine ya kuchuja uikamue ndani ya yale maji uliyotoa, bila sabuni. Umeme ukikatika, mashine ya hewa inasimama: basi chota maji ya humo humo kwa kikombe, uyainue, uyamwage tena kutoka juu, yaingie na hewa.

Maji mapya uyatengeneze kama mama alivyokuwa anayatengeneza.

Mujomba, nikukumbushe jambo moja. Mimi nilikataa kuja huku kwa masista, wewe ukaniambia pale mlangoni: "Enda, nitawashika wote wawili, yaya yangu aliyenitangulia kuzaliwa, na samaki yake." Novisi akitoka kabla ya mwaka kuisha hafunguliwi mlango mara ya pili. Najua hivyo, na bado nakwambia: nikisikia mama haendelei kula, nitapanda boti.

Bénita wako


Goma, 15 Septemba 2025

Bénita na Sista Valérie,

Mushangilie! Nimefanya yote uliyosema, na nimeongeza yangu juu, kama kawaida.

Robo ni ya watu wa woga. Mimi nilitoa maji yote. Nilitia samaki mu sufuria, nikasugua vioo na sabuni ya unga, mawe nikayaosha moja moja, sponji nikaipiga na burashi mpaka ikarudi rangi yenye ilitoka nayo dukani. Halafu nikasema, maji ya namna gani ya kumupa Muzee? Robine ya kartie, bomba yetu ya mutaa, imekauka tangu juma lililopita, nikashuka mwenyewe mu lac na bido zangu, madumu ya maji. Pale pembeni unajua kuna wale vijana wa kuzuia kolera, wanatia klore, dawa ya kuua vijidudu, mu kila bido na sindano, tone tone, mutu asipate kuhara. Nikamwambia kijana wao: "Hii yangu siyo ya kunywa na watu, ni ya wagonjwa. Tia mara mbili." Akasema, papa, moja inatosha. Nikamwangalia vile ninaangaliaka watu. Akatia mara mbili.

Bénita, maji ilikuwa inangaa! Inanuka usafi, kama ospitali. Nilipomwaga bido ya kwanza, mama yako alichukua kile kikombe chake cha bati na ule mukono muzima, akaanza kupiga mu kiti: ko, ko, ko! Ananishangilia! Na bido ya pili akapiga zaidi. Nikamwambia, yaya, asante, inatosha, utavunja kiti. Machozi ya furaha ikamutoka.

Tena alikuwa ananionyesha na kidevu kule inje, mu baraza, kwenye ile beseni ya bluu yenye ninalowekaka muhogo. Nikaelewa mara moja: anataka kuoga. Charline akamwogesha. Akarudi, akaonyesha beseni tena. Akaogeshwa tena. Leo hakuna mama musafi kumushinda mu Majengo yote.

Na samaki! Walicheza, mupwa yangu. Walikuwa wanakimbia toka kioo hii mpaka ile, wanaruka, moja kidogo atoke inje. Nikawaza, ona watu waliopata afya.

Sasa kuna kitu kidogo sielewi, na nakuambia tu juu uliniomba habari. Wadogo wawili wamepumzika. Nimewatoa. Wengine wanalala chini, mwili yao inateleza kama imepakwa udenda, na Muzee anapumua haraka haraka, masikio yake ile ya kupumulia imekuwa nyekundu sana. Nimebaki mudomo wazi. Mu maji safi namna hii! Mimi nakunywaka maji chafu kuliko hii na niko imara.

Mama tangu jana anaangalia ukuta. Amekunywa chai kidogo.

Lakini usikuje. Nimejua dawa: klore ilikuwa kidogo. Siku ya posho, jumamosi, nashuka tena mu lac, na safari hii watatia mara tatu, wapende wasipende.

Mujomba wako,
Kasereka, dokta wa maji


Bukavu, 18 Septemba 2025

Mujomba,

ACHA. Ukisoma neno hili weka bido chini, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Sijui niandike nini kwanza. Klore ndiyo inawaua. Imewekwa pale ziwani kwa ajili ya matumbo yetu sisi, inaua vijidudu vya kolera, na ni vizuri. Lakini samaki hanywi maji kama wewe, anayapumua. Ni kama mtu akufungie chumbani, amwage klore ya kusafishia choo, akwambie pumua. Hawakuwa wanacheza, mujomba. Walikuwa wanatafuta mlango.

Na mama. Ee Mungu wangu. Mama hakuwa anakupigia makofi.

Kosa ni langu pia, nilikuandikia "kama mama alivyokuwa anatengeneza" nikasahau kwamba wewe hukuwa nyumbani kwetu miaka ile. Sisi wote tulijua. Mama hakumwaga hata siku moja maji ya ziwani moja kwa moja. Alikuwa anayamwaga kwanza ndani ya beseni la bluu, pale barazani, wazi, bila kifuniko, yanalala humo siku mbili, jua na upepo vinaitoa klore yote. Akipita anayakoroga kwa mkono. Ndipo anachota robo. Beseni la bluu, mujomba! Lile lenye muhogo wako. Alikuwa anakwambia, akakwambia tena, na wewe ukamwogesha.

Naomba msamaha kwa maneno haya. Wewe ni mujomba wangu. Lakini nikiwaza mtu amekaa kwenye kiti, anaona kinachokuja, anapiga kikombe kwa nguvu yake yote, na anayemtazama anasema asante, mimi siwezi kukaa kanisani.

Nimeomba ruhusa ya kurudi. Sista Valérie hakunikatalia. Alisema tu ningoje boti. Na boti iko hapa Bukavu, injini iko chini vipande vipande, Landry anasema hajui itatoka siku gani. Sista amepiga namba ya Charline toka asubuhi, haiingii. Leo ni alhamisi. Kesho kutwa wewe unashuka ziwani.

Naandika hata hivyo. Sijui kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Bénita


Goma, 23 Septemba 2025

Bénita,

Boti haijafika, sina barua yako yoyote, naandika tu juu nisipoandika nitapasuka. Safari hii sitaongeza chumvi. Haihitaji chumvi.

Posho nilishuka mu lac. Vijana wa klore walibishana na mimi, watu wakajaa, moja akasema huyu papa anataka kuua nani. Nikawashinda na maneno. Nikapandisha bido mu begani mpaka nyumbani, sikumupa mutu wa chukudu, juu nilitaka mama yako aone jasho ya kaka yake.

Naingia saloni. Charline anakunja manguo pembeni. Mama anaangalia ukuta. Nikasema, yaya, geuka uone, leo nawaletea dawa ya kweli. Akageuka. Akaona bido. Akachukua kikombe, akapiga mara moja tu, kikombe ikamuponyoka, ikaanguka. Nikasema, pole, utapiga nikimaliza. Nikafungua kifuniko, nikainua bido mpaka kifuani, maji ya kwanza iko karibu ya kutoka…

"ACHA!"

Mupwa yangu. Nilijua ni Charline. Nikamwangalia Charline. Charline alikuwa ananiangalia mimi, mudomo wazi, shati ya mama imebaki mu mikono yake hewani. Sisi wawili tukageuka polepole, kama watu wanaosikia nyoka.

"Kasereka. Acha."

Sauti ya yaya yangu! Ile ile ya zamani, nzito, imevunjika kidogo upande, kama mulango yenye imefungwa miaka na mutu anaisukuma na bega. Bido ikaniponyoka, ikaniangukia mu muguu, kidole kikubwa kimekuwa kama nyanya, saloni yote ikawa lac. Charline akapiga kelele ya Yesu, majirani wakaingia na viatu mu maji. Na mimi, Sista Valérie anisamehe, mimi niliyelala peke yangu mu msitu wa Walikale na chui akinipapasa, nilitoka mbio. Nilifika mpaka barabara. Nilisimama pale na muguu moja, nawaza: mutu asiyesema mwaka muzima amesema, na kitu alichosema ni jina yangu.

Nikarudi. Nikapiga magoti mu ile maji mbele yake. Nikasema, yaya, sema tena. Akafunga macho, akatafuta neno, nilikuwa naona anaitafuta kama mutu anatafuta funguo gizani. Halafu akasema:

"Beseni."

Charline akainuka haraka kumuogesha. Mama akamwangalia tu. Charline akakaa.

Nikatoka mu baraza. Nikaangalia beseni ya bluu, muhogo wangu ndani. Nikaona alama, Bénita, ile mustari nyeupe ya maji kuzunguka ndani, ya miaka na miaka. Hakuna mutu anaoga mu beseni na kuacha mustari namna ile. Hapo njo akili yangu, yenye ni kubwa lakini inakuja na njia ya mbali, ikafika.

Nilitupa muhogo. Niliosha beseni na maji peke yake. Niliomba kijana wa klore bido moja yenye hajatia kitu, akakataa, akasema ni amri, hata mapadri wanatiliwa. Basi nikaleta yenye klore, nikaimwaga mu beseni, ikalala wazi. Siku ya pili nikanusa asubuhi: bado. Nikanusa leo: hakuna. Nimetia robo. Nilimwaga polepole kama mwizi.

Muzee yuko chini kabisa, nyuma ya jiwe. Anapumua. Sijui.

Kasereka


Bukavu, 27 Septemba 2025

Mujomba wangu mpendwa,

Boti imetengenezwa, Landry ameniletea barua yako, lakini yangu ya tarehe 18 aliisahau ndani ya boti akarudi nayo, itakufikia pamoja na hii. Usinisomee vibaya ile ya kwanza. Au isome, lakini ukae chini.

Nilipofika kwenye "Acha" nilipiga kelele, manovisi wote wakatoka darasani wakadhani kuna msiba. Ni neno lile lile, mujomba! Mimi nililiandika alhamisi, likalala ndani ya boti mbovu, na mama akalisema posho. Sista Valérie amesoma barua yako mara ya pili peke yake, nikamwona anajifuta macho kwa pembe ya kitambaa chake. Kisha akaniuliza: chui huyo wa Walikale, ni kweli? Nikasema, Sista, hapana.

Ndiyo maana nakuomba kitu kimoja. Ruhusa yangu ya kurudi ipo, imeandikwa, imetiwa sahihi. Sanduku langu liko chini ya kitanda, limefungwa. Nikitoka sirudi tena hapa, tumeshaelewana hivyo, na sitalia. Lakini sitaki kutoka kwa sababu ya hadithi, wala sitaki kubaki kwa sababu ya hadithi. Niandikie ukweli mtupu, bila chukudu wala jenerali. Muzee yuko hai? Mama anakula? Nije, au nibaki?

Bénita


Goma, 4 Oktoba 2025

Mupwa yangu Bénita,

Nimepata barua zote mbili siku moja. Ile ya tarehe 18 nimeisoma nikiwa nimekaa. Halafu nikaisomea mama yako, hata pale pa mutu aliyefungiwa mu chumba na klore. Alinishika sikio. Na ule mukono muzima. Alishika muda murefu.

Umesema ukweli mutupu. Basi. Mimi nilijua tangu mwanzo mambo ya beseni, nilikuwa nataka tu kumuchokoza yaya yangu aseme. Ni njia ya kiganga, madokta wa Kinshasa wananiandikia wanataka kujua ni klore ngapi wanatia ili mugonjwa afungue mudomo. Muzee sasa amenenepa, jana aliruka inje, akazunguka meza, akarudi mwenyewe. Watu wanatoka mpaka Ndosho kuja kuangalia. Nimefikiria kuwatoza.

Umeme inakatika kila siku, na mimi nachota na kikombe cha bati, nainua, namwaga, nachota, nainua, namwaga. Mama anahesabu na kichwa. Nikipunguza mwendo anasema "Kasereka." Mabega inauma kushinda chukudu. Fufu nakula mimi mwenyewe, mu baraza, wasione.

Neno zake sasa ziko nyingi kidogo. Nyingi ni za kunigombeza. Juu ya kuja ao kubaki, nilimuuliza. Akaomba kalamu. Nikasema, yaya, mukono wa kushoto haijawahi kuandika. Akaniangalia vile anaangaliaka bido. Nimemuachia hii nafasi chini, sijaruhusiwa kusoma.

Mujomba wako,
Kasereka, mwenye kuchota maji


Bénita
Baki huko.
Muzee anakula. Mimi ninakula.
Mujomba anaongopa.
Lakini maji anaitengeneza muzuri.
Mama